Mgogoro Wako, Pesa Zako: Umlipe Nani?

Mdeni anapokukwepa au mshirika wa biashara anapoanza kukuficha hesabu, Kenya ya leo ina milango mingi ya kubisha kando na ya chifu na ya wakili. Mmojawapo ni mshauri wa migogoro wa ana kwa ana, ambaye wengi humwita kocha. Unaketi naye peke yako, mwenzako hayupo, naye anakuandaa ukamalize ugomvi wako mwenyewe. Hatoi hukumu wala hapatanishi. Huduma hii ina thamani kubwa kwa ugomvi wa aina fulani, na kwa aina nyingine ni kutupa pesa.

Tuanze na pale pa kutupa pesa. Fundi wa kuchomelea ametengeneza geti, akalipwa nusu, na sasa anadai shilingi 85,000. Mteja hapokei simu. Fundi ana ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya kwanza, ana picha za geti likiwa limesimamishwa, na kwenye WhatsApp mteja aliandika kwamba atamalizia mwisho wa mwezi. Tuseme mshauri anatoza 3,000 kwa kikao na anataka vikao vinne. Hizo ni 12,000 zimetoka mfukoni, na simu bado haipokelewi. Tatizo la fundi huyu si maneno ya kusema, maana deni lake liko wazi na ushahidi anao.

Mahali pake ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60 tangu iwasilishwe. Si lazima uwe na wakili, Kiswahili kinaruhusiwa, na mahakama haibanwi na kanuni kali za ushahidi. Weka akilini, hata hivyo, kwamba kushinda kesi si sawa na kulipwa. Mdaiwa akikaidi, utekelezaji wa hukumu una gharama zake, na dalali wa mahakama hafanyi kazi bure.

Kama anachohitaji ni kufundishwa kujieleza mahakamani, mafunzo hayo yapo bila malipo kwa wasio na uwezo. Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwasaidia watu wa kipato cha chini tangu 1973, na FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, huwafundisha wanawake kujiwakilisha wenyewe mbele ya hakimu. Ningependa kila mama mwenye kibanda ajue hilo kabla hajamlipa mtu yeyote.

Sasa chukua wifi wawili wenye duka la nafaka. Mmoja alitoa mtaji, mwingine ndiye anayekaa kaunta kuanzia asubuhi. Mwenye mtaji ameona unga ukitoka bila kuandikwa. Akienda mahakamani atapata fidia ya unga, lakini Jumapili watakutana kwa mama mkwe, na mwezi ujao watapika pamoja kwenye arusi. Hapa ndipo mshauri mzuri anapostahili malipo yake.

Atakuacha useme yote, kisha atakurudisha nyuma: uliona nini kwa macho yako, na nini umejazia mwenyewe? “Wifi amekuwa mwizi” inageuka kuwa “Ijumaa mifuko miwili ilitoka na haimo kwenye daftari.” Atakuuliza unataka nini hasa, ulipwe mifuko hiyo, mgawane duka, au uandikiwe kila kinachotoka kuanzia sasa. Halafu atajifanya wifi na kukujibu kwa ukali: “Na mimi mshahara wangu wa kukaa hapa mwaka mzima uko wapi?” Wengi hunyamaza hapo, kwa sababu swali hilo hawakulitarajia na lina haki ndani yake. Ni heri likukute kwenye kiti cha mshauri kuliko likukute dukani mbele ya wateja. Kikao kimoja cha namna hiyo kinaweza kuokoa duka. Ukitoka bila kujua sentensi ya kwanza utakayomwambia wifi, ulicholipia ni kusikilizwa tu, na sikio hilo shangazi anakupa bure.

Zipo pia njia nyingine. Wazee wa familia au wa mtaa watakugharimu nauli na soda. Uzuri wao ni kwamba pande zote mbili zinakaa pamoja, na Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inatambua njia za jadi za kusuluhisha migogoro. Ubaya ni kwamba siri haikai, na mara nyingi mwanamke huambiwa avumilie. Msuluhishi wa kulipwa hugharamiwa na pande zote mbili, kwa hiyo mwenzako lazima akubali. Usuluhishi ulioanzishwa na Mahakama mwaka 2016 hauna malipo, ila ni kwa walio na kesi tayari. Barua ya wakili ni gharama ya mara moja, na wadaiwa wengine hulipa wakishaona tu nembo ya ofisi. Wakili haruhusiwi kukubali mpango wa “nilipe tukishinda,” basi muulize jumla yote mapema.

Kuna hatari moja inayoumiza wafanyabiashara wadogo kuliko ada yoyote: mazungumzo hayasimamishi tarehe. Dai la mkataba lina miaka 6 kisheria, lakini ilani ya kupandishiwa kodi ya duka haingoji hivyo. Kwa wapangaji wengi wa maduka wasio na mkataba wa maandishi, mwenye nyumba hutoa ilani ya miezi 2 au zaidi. Usipopeleka pingamizi kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara kabla ya siku iliyotajwa, ilani inaanza kufanya kazi. Mshauri asiyekuuliza tarehe zilizo kwenye karatasi yako anaweza kukupotezea duka huku akikufundisha kuongea kwa upole.

Siri nayo ina bei. Unayomwambia wakili wako yanalindwa na sheria, lakini ya kocha hayana kinga hiyo. Usimpe hati usizotaka zionekane. Na palipo na kipigo au vitisho nyumbani, hapafai mazoezi ya maneno. Nenda polisi au FIDA.

Ukiamua kumlipa mshauri, lipa kikao kimoja kimoja, si kifurushi. Muulize kama amewahi kushughulikia ugomvi wa hesabu za biashara au wa ndoa tu. Na kikao cha pili kikiisha kabla hamjapanga siku ya kwenda kuzungumza na mwenzako, usilipie cha tatu.