Mikate midogo ya viazi

Unga wa ngano unatoka mbali, na bei yake inatuumiza. Viazi vya Masisi na Kibumba viko karibu yetu. Basi tukavichanganya.

Mara ya kwanza tuliharibu kilo nzima ya unga. Kwa haraka tulitia chachu kwenye viazi vilivyotoka motoni. Joto lile liliiua, mikate ikawa migumu kama mawe ya Nyiragongo, na watoto wakatucheka. Siku hizi tunangoja viazi vipoe, vibaki vuguvugu tu.

Kwa nusu kilo ya unga tunaweka gramu 250 za viazi vilivyochemshwa na kupondwa bila kuacha vibonge, kijiko kidogo kimoja na nusu cha chachu, kimoja cha chumvi, vijiko vikubwa viwili vya sukari na vitatu vya mafuta. Maji ni yale yale yaliyochemshia viazi, vuguvugu, tena kidogo kidogo, kwani kiazi chenyewe kina maji mengi. Donge litanata. Usiongeze unga! Paka mafuta mikononi. Tunakanda dakika 10, tunafunika saa moja, tunakata vidonge 16, vinaumuka tena nusu saa.

Asiye na furu atumie sufuria nzito iliyopakwa mafuta: makala machache chini, mengi juu ya kifuniko, dakika 25 hivi.

Wanga wa viazi hushika maji, kwa hiyo mikate ya jioni bado ni laini asubuhi watoto wanapokwenda shule. Kama imebaki.