Sekunde 8 kwa Siku 21

Chukua steshenari ya kawaida jirani na chuo, Dar es Salaam: laptopu moja, printa moja, na foleni ya wanafunzi wenye ripoti za kuchapa. Mwenye duka anataka laptopu mpya na amewekewa mbili mezani. Ya kwanza ina prosesa ya kisasa, inafungua faili kubwa kwa sekunde 12. Ya pili inachukua sekunde 20, ila spea zake zipo Kariakoo. Bei tuifanye sawa, hesabu isituchanganye.

Sekunde 8 hizo, akifungua mafaili 25 kwa siku, ni sekunde 200. Kwa siku 300 za kazi zinakuwa 60,000, yaani saa 16 na dakika 40. Duka likifunguliwa saa 10 kwa siku, kasi ya mwaka mzima haimpi hata siku mbili.

Sasa kioo kipasuke. Cha laptopu ya kwanza hakipo nchini. Kinaagizwa, kinafika baada ya siku 21 za kazi. Hizo ni saa 210. Kuzifidia kwa zile sekunde 8 kutamchukua zaidi ya miaka 12, na sijaona laptopu ya steshenari iliyoishi hivyo. Siku 21 ndizo nilizosubiri mimi, tena kwa bawaba tu. Ile ya kushoto iling'oka na kipande cha ganda. Kila asubuhi nikawa naifungua kwa mikono miwili, polepole, mpaka waya wa kioo ukakatika. Duka lililoniuzia lilikuwa na laptopu hiyohiyo kwenye kabati la vioo, mpya kabisa. Bawaba hawakuwa nayo.

Kwa mhariri wa video hesabu inageuka. Laptopu moja ikitoa video kwa dakika 40 na nyingine kwa 75, naye anatoa mbili kwa siku, anaokoa dakika 70. Kwa siku 300 ni saa 350. Siku 21 za kusubiri ameshazifidia kabla mwaka haujaisha. Huyo anunue kasi, asibabaishwe na mtu. Lakini wengi wetu tunaandika barua na kujaza majedwali, na tunalipia kasi ya mhariri. Inaniuma, kwa sababu fedha hiyo mara nyingi ni ya mkopo.

Ukitaja huduma baada ya kununua, watu wanawaza waranti. Ya laptopu za nyumbani kwa kawaida ni mwaka 1, za ofisini mara nyingi miaka 3, na iliyonunuliwa Dubai inaweza isitambulike Dar. Mimi naithamini zaidi droo ya fundi. Laptopu za ofisini kama ThinkPad, Latitude na EliteBook hununuliwa kwa wingi na makampuni ya Ulaya na Marekani, zikatumika miaka michache, kisha zikaja kwetu zikiwa used. Zinazokufa huchunwa spea. Ndiyo maana fundi anavuta droo, anatoa kibodi nne za modeli moja, anachagua ambayo herufi zake hazijafutika, na chai yako haijapoa umeshaondoka. Lenovo, Dell na HP huweka wazi miongozo ya kuzifungua mashine hizo, hatua kwa hatua. Kwa upande mwingine, MacBook Air ya 2020 yenye chipu ya M1 ina kasi ya kustaajabisha, lakini ramu yake haiongezeki: ukinunua ya GB 8, ndiyo hiyo hadi mwisho.

Used nayo ina ukomo wake. Microsoft ilifikisha mwisho huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa sehemu kubwa, inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Laptopu yenye ya kizazi cha 6 inaweza kuwa na spea tele na bado ikanyimwa masasisho ya usalama.

Kabla hujalipa, andika modeli kamili kwenye karatasi. Jina la kampuni halitoshi, maana kampuni moja hutengeneza inayofunguka kwa skrubu na nyingine iliyogundishwa. Mpelekee fundi, muulize kama anacho leo kioo chake, kibodi, betri na bawaba. Akikujibu "naagiza", muulize siku ngapi, uzizidishe kwa saa zako za kazi.