Picha Ikibanwa, Nini Kinapotea?

Picha ya kamera ya megapikseli 12 ina pikseli 4,000 kwa upana na 3,000 kwa kimo. Kila pikseli inahitaji namba tatu: kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu. Kila namba ikichukua baiti moja, jumla ni baiti milioni 36. Lakini ukitazama kwenye simu utakuta faili la megabaiti chache tu. Baiti nyingine zimekwenda wapi? Na je, tukiigeuza picha hiyo kuwa faili lisilobanwa, zitarudi?

Tuanze na faili lisilobanwa. Muundo ulio rahisi kuliko karibu yote ni PPM, unaotokana na kazi ya mwandaaji programu Jef Poskanzer wa Marekani katika miaka ya 1980. Mtangulizi wake, PBM, ulibuniwa ili picha za rangi nyeusi na nyeupe ziweze kutumwa kwa barua pepe kama maandishi ya kawaida, kwa kuwa data za aina nyingine zingeweza kuharibika njiani. PPM ukaja na rangi. Faili lake huanza na alama P6, kisha upana, kimo na namba 255, ambayo ndiyo kiwango cha juu cha kila rangi. Baada ya hapo ni pikseli tupu, mstari kwa mstari, kuanzia juu kushoto. Kwa picha yetu, utangulizi huo ni baiti 17, hivyo faili zima lina baiti 36,000,017. Ipo pia aina ya P3, ambayo namba zake huandikwa kwa tarakimu: baada ya utangulizi, andika 255 0 0 kwenye programu ya maandishi, nawe umechora pikseli nyekundu.

Miundo inayobana, kama JPEG ya mwaka 1992 na WebP iliyotangazwa na Google mwaka 2010, hutumia udhaifu wa jicho la binadamu. Jicho hutambua tofauti ya mwanga kwa makini zaidi kuliko tofauti ya rangi. Kwa hiyo picha hutenganishwa: mwanga upande mmoja, rangi upande mwingine. Kila pikseli hubaki na namba yake ya mwanga, lakini katika mpango unaotumika sana, pikseli nne hugawana namba mbili za rangi. Kwa hatua hiyo peke yake, milioni 36 zimekuwa milioni 18.

Kisha picha hukatwa vipande vidogo. Katika JPEG, kila kipande kina pikseli 8 kwa 8, na namba zake 64 hugeuzwa kuwa mawimbi kwa hesabu ya kosini iliyochapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed pamoja na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao. Mawimbi mapana hubeba sura ya jumla. Mawimbi membamba hubeba vinyweleo na chembechembe. Programu hukadiria namba hizo, na nyingi za mawimbi membamba huishia kuwa sifuri, ambazo kuzihifadhi hakugharimu karibu chochote. WebP, iliyorithi mbinu za muundo wa video uitwao VP8, hutangulia kukisia kila kipande kutokana na majirani zake, kisha huhifadhi tofauti tu.

Sasa jibu. Ukitumia programu ya dwebp kugeuza WebP ya picha yetu iliyobanwa hivyo kuwa PPM, utapata baiti 36,000,017 kamili. Ukubwa umerudi, vilivyotupwa havijarudi. Rangi za pikseli nne zimekisiwa kutokana na namba mbili, na mawimbi yaliyofutwa yamebaki sifuri. Ukiibana tena kwa cwebp, programu ya kutengeneza WebP, makadirio mapya hufanywa juu ya makadirio ya zamani, na picha huzidi kufifia.

Si kila kubana ni kupoteza. PNG, iliyotoka mwaka 1996, na WebP ya aina isiyopoteza hutafuta marudio na kuyaandika kwa ufupi. PPM ya kawaida ikigeuzwa kuwa PNG na kurudishwa, kila pikseli hubaki na namba zake zilezile.

Basi PPM ina faida gani leo? Ni kipimo cha ukweli. Anayetaka kujua programu ya kubana imeharibu kiasi gani huipa PPM, hufungua faili lililobanwa kuwa PPM tena, kisha hulinganisha hizo mbili namba kwa namba. Mwanafunzi wa kompyuta naye anaweza kuandika programu ya kuisoma kwa mistari michache tu. Ila tahadhari: PPM haina nafasi ya uwazi wa nembo zisizo na mandharinyuma, wala haibebi tarehe na mahali picha ilipopigwa.

Kwa hiyo tunza faili la asili kama lilivyotoka kwenye kamera. Unapohariri, hifadhi kazi yako kwa PNG au muundo mwingine usiopoteza, na ubane mara moja tu, mwishoni. Na picha ya harusi au ya marehemu babu ukiituma kwa WhatsApp, itume kama hati, si kama picha, ili imfikie nduguyo ikiwa nzima.