Je, Wajua? Nazi Huokoa Watoto wa Tembo

Nazi inayokunwa kila siku kuanzia Msata hadi Bagamoyo ina mafuta yaliyowaokoa tembo wengi yatima.

Mtoto mchanga wa tembo hawezi kustahimili mafuta ya maziwa ya ng'ombe. Huharisha, hudhoofika na kufa. Nchini Kenya, Daphne Sheldrick, mlezi wa tembo yatima, alihangaika miaka mingi kutafuta maziwa mbadala, akapoteza watoto kadhaa, hadi alipogundua kwamba mafuta ya nazi ndiyo yanayokaribia zaidi mafuta ya maziwa ya mama. Hayo ndiyo yaliyofungua njia kwa kituo cha tembo yatima kilichopo Nairobi.

Lakini chupa pekee haitoshi. Aisha, mtoto wa tembo aliyemzoea Daphne peke yake, alikufa kwa majonzi Daphne alipoondoka kwa muda. Tangu hapo walezi hupokezana. Hunywesha maziwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, hutundika blanketi ili mtoto aegemeze mkonga kama anavyoegemea tumbo la mama, na hulala naye bandani.

Wakikua, yatima wengi huhamishiwa hifadhi ya Tsavo, ambako huchangamana na tembo wa porini na kuondoka wenyewe, kila mmoja kwa wakati wake. Hawalazimishwi, na huo ni uamuzi wa busara.

Yatta, yatima aliyelelewa hivyo, alijifungua porini mwaka 2012. Alimleta mwanawe, Yetu, hadi kwa walezi wake wa Ithumba, huko Tsavo.