Injini Hii Ilizaliwa Lini?

Tuchukulie kwamba wewe ni fundi seremala, mkazi wa Coventry nchini Uingereza, na kwamba kwa miaka minne kila Jumamosi umejifungia katika banda la nyuma ya nyumba ukichomelea mabomba ya chuma. Mkeo amekwisha kuizoea harufu ya moto na rangi. Sasa gari limesimama juu ya magurudumu yake: dogo, la viti viwili, halina paa, na taa zake mbili zimechomoza mbele kama macho ya chura. Ni nakala ya Lotus Seven, gari lililobuniwa na Colin Chapman na kuanza kuuzwa mwaka 1957. Injini inanguruma. Hata hivyo gari haliwezi kutoka barabarani kwa namna unayotaka, kwa kuwa huwezi kuthibitisha injini hiyo ilizaliwa mwaka gani.

Usicheke. Waingereza wana mapenzi ya zamani na magari ya kujiundia. Lotus yenyewe iliuza Seven nyingi zikiwa vipande, mnunuzi akaunge nyumbani, kwani gari la vipande lilikwepa kodi ya mauzo ya siku hizo. Mwaka 1973 haki za kuliunda zilichukuliwa na Caterham. Kisha mwaka 1996 Ron Champion alitoa kitabu kilichoeleza jinsi mtu wa kipato kidogo anavyoweza kujenga gari la namna hiyo kwa pauni 250 tu, akinunua Ford Escort kuukuu na kulichuna kama mbuzi: injini, gia, ekseli ya nyuma na usukani vikahamia kwenye fremu mpya. Pauni 250, kwa maoni yangu, zilikuwa hesabu ya mtu mwenye matumaini makubwa. Lakini wengi walimwamini wakaanza kukata chuma.

Ugumu unakuja siku ya ukaguzi. Tangu mwaka 2009 gari lililoundwa na mtu binafsi hupitia ukaguzi wa gari mojamoja kabla ya kuandikishwa na idara ya magari iliyoko Swansea. Breki hutazamwa, kadhalika taa, mikanda na hata ncha kali zinazoweza kumjeruhi mpita njia. Moshi nao hupimwa, na kipimo cha moshi hufuata umri wa injini, si umri wa gari. Injini iliyotengenezwa kabla ya tarehe 1 Agosti 1975 hutazamwa kwa macho tu, isifuke moshi mzito. Ya baada ya hapo, hadi Julai 1986, hairuhusiwi kutoa kaboni monoksidi zaidi ya asilimia 4.5, ya kuanzia Agosti 1986 hadi 1992, asilimia 3.5. Asiye na ushahidi hupimwa kwa kanuni za injini za kisasa, ambapo injini ikiunguruma taratibu hewa hiyo haitakiwi kuzidi nusu asilimia. Injini kongwe ya kabureta, isiyo na chombo cha kusafishia moshi katika ekzosi, haina njia ya kufikia kipimo hicho. Basi seremala atalazimika kung'oa injini na kutafuta nyingine, pengine na kuzisuka upya nyaya zote. Hapo ndipo miaka minne na akiba ya nyumba vinaponing'inia.

Sasa shuka nami tuitazame hiyo injini. Aghalabu ni Ford ya ukoo uitwao Kent, ulioanza mwaka 1959 ndani ya Ford Anglia. Mwaka 1967 iligeuzwa umbo: mchanganyiko wa hewa na petroli ukaingia upande mmoja wa silinda, moshi ukatokea upande wa pili. Wapenzi wa mashindano ya magari katika Afrika Mashariki wanaufahamu ukoo huu bila kujua; Ford Escort RS1600 aliyoshindia Hannu Mikkola katika mbio za Safari za mwaka 1972 ilikuwa na injini ya damu hiyohiyo, ingawa silinda hedi yake ilikuwa nyingine kabisa.

Paka mafuta ya taa ubavuni mwa bloku, sugua polepole kwa brashi ya waya. Zitajitokeza namba za aina mbili, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Namba zilizotuna, ambazo zilitoka kalibuni pamoja na chuma, ni jina la muundo. Ukikuta 711M, mwenye pupa atashangilia kwamba 71 ni mwaka 1971 na kesi imekwisha. La hasha! Bloku za muundo huo ziliendelea kutoka kalibuni miaka mingi baadaye, kwa hiyo 711M yaweza kuwa upande wowote wa ile tarehe ya Agosti 1975. Na Escort ya pili, iliyochunwa na wajenzi wengi, iliingia sokoni mapema mwaka huohuo wa 1975. Miezi michache ndiyo inayoamua.

Namba ya pili ni ile iliyogongwa kwa nyundo juu ya sehemu iliyolainishwa. Hiyo ni ya injini yako peke yake. Weka karatasi juu yake, pitisha penseli, upate nakala yake. Ikiwa imesagwa kwa tupa, jiandae kuulizwa maswali na polisi kabla ya mkaguzi.

Lakini hata namba iliyogongwa haisemi mengi pasipo karatasi. Ushahidi unaosikilizwa ni barua ya kiwanda, au hati ya gari lililochunwa yenye namba ileile. Kwa injini za Austin na Morris, ambazo nazo zilifungwa katika baadhi ya Seven za mwanzo, makumbusho ya magari ya Gaydon yana madaftari ya viwanda, na hutoa hati yenye namba ya injini, tarehe na mahali gari lilikopelekwa. Ila madaftari hupekuliwa kwa namba ya chasisi. Injini iliyookotwa kwenye chuma chakavu, ambayo chasisi yake imekwisha kuyeyushwa, ni yatima. Hivyo mjenzi mwenye busara huanza na hati ya gari kuukuu, huiweka kabatini pamoja na vyeti vya watoto, ndipo anaposhika spana. Nasi tusijione mbali: katika kadi zetu za magari namba ya injini huandikwa, na anayenunua injini iliyotumika pale Gerezani bila stakabadhi yenye namba hiyo anabeba yatima wake mwenyewe.

Barua ikipatikana, seremala atavuka kipimo cha moshi. Hata hivyo asitazamie namba ya kawaida. Gari la sehemu zilizotumika aghalabu hupewa namba inayoanza na herufi Q, iliyoanza kutolewa mwaka 1983 kwa magari ambayo umri au asili yake haikuthibitika. Wapo wanaoiona kuwa ni doa. Kwangu mimi ni herufi yenye ukweli kuliko namba nyingi. Na kuificha haiwezekani, maana gari la Q haliruhusiwi kuvishwa namba ya fahari iliyonunuliwa kwingine.