Taarifa Sahihi Mpakani: Kuchagua Njia ya Kuiingiza Kompyutani na Kuitoa

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilivunja kingo zake na kuifurikia Mbale. Watu walipoteza maisha na mali ikasombwa. Baada ya maafa ya namna hiyo, aliyenusurika bila karatasi hutegemea kumbukumbu iliyohifadhiwa kwingine ili athibitishe yeye ni nani. Kumbukumbu hiyo humfaa iwapo tu iliingizwa kompyutani kwa usahihi, na iwapo inatolewa kwa namna anayoielewa.

Wakazi wa Malaba, Busia na Lwakhakha wanayo sababu ya ziada ya kulizingatia jambo hili. Tangu 2014, raia wa Uganda, Kenya na Rwanda huvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Herufi moja iliyokosewa yaweza kumchelewesha asiye na hatia, au kumpitisha anayetafutwa.

Njia ya kuingiza taarifa huchaguliwa kwa kuangalia aina ya taarifa yenyewe. Maelezo marefu, kama vile simulizi ya wizi wa ng'ombe, huandikwa kwa kibodi. Lakini kibodi hutegemea sikio na kidole cha mwandishi: Khainza na Kainza huenda akawa mtu mmoja kijijini, ila kwa kompyuta ni wawili. Nambari ya kitambulisho cha Uganda ina herufi na tarakimu 14, na ni rahisi kuchanganya herufi O na tarakimu 0. Kwa hiyo, kadi ikiwapo, yafaa isomwe kwa mashine. Pasipoti ina mistari miwili ya alama 44 kila mmoja, na baadhi ya tarakimu zake ni za ukaguzi. Hesabu isipolingana, kompyuta hutambua kwamba kuna kosa.

Alama za vidole nazo zina mipaka yake. Mkulima aliyeshika jembe miaka mingi katika miteremko ya Masaba huenda vidole vyake vimesuguka, na mashine ikashindwa kuvisoma. Kushindwa huko si ushahidi wa udanganyifu. Picha ya uso na nambari yake vitumike pia.

Kuhusu kutoa taarifa, tujiulize ni nani atakayeipokea. Skrini huonyesha upesi, lakini ielekezwe kwa afisa, si kwa foleni, ili siri ya mlalamikaji isisambae. Karatasi humfaa anayepaswa kwenda na ushahidi mahali pengine. Hata hivyo, stakabadhi zinazochapishwa kwa joto hufifia zikikaa juani, hivyo inafaa kutoa nakala mapema. Asiyeona au asiyejua kusoma asomewe kwa sauti, katika lugha anayoielewa. Umeme ukikatika, daftari la kituo lililoandikwa kwa wino hubaki kuwa tegemeo.

Ndugu mwananchi, unapoandikisha taarifa, taja jina lako herufi kwa herufi. Kabla ya kuondoka, omba usomewe yaliyoandikwa, kisha ulinganishe nambari na kadi yako. Kosa linalosahihishwa mezani huchukua dakika moja. Likigunduliwa mpakani, huenda likakugharimu safari nzima.