Kompyuta ya mtoto siyo Intel? Usiitupe bado

MAMA mmoja wa Mbinga mjini alimnunulia binti yake wa kidato cha tatu kompyuta mpakato iliyotumika, kwa fedha za mauzo ya kahawa. Mwaka haujaisha, ikaanza kujikokota. Alipoipeleka kwa fundi, jibu lilikuwa fupi: "Mama, hii siyo Intel, ni AMD. Halafu Windows 11 haiingii. Tafuta nyingine."

"Nyingine, mwanangu? Na msimu bado?" aliuliza mama.

Mzazi, ukiambiwa hivyo, usikimbilie kukopa. Ni kweli muda wa kawaida wa msaada wa Windows 10 uliisha Oktoba 14, 2025, na Windows 11 hukataa kompyuta nyingi za zamani. Lakini hukataa za Intel na za AMD vilevile.

Njia iliyobaki ni Linux, mfumo wa bure unaoruhusiwa kisheria kunakiliwa. Una matoleo mengi, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Wengine wakiona faili limeandikwa "amd64" hudhani ni la AMD peke yake. Sivyo. AMD ndiyo iliyotangulia kutoa prosesa za biti 64 za aina hiyo mwaka 2003, Intel ikafuata, na jina likabaki. Faili hilo hufaa zote mbili.

Cha kuangalia ni mambo mawili: prosesa ni ya biti ngapi, na RAM ni kiasi gani. Kwenye Windows 10, bofya kulia alama ya Windows iliyo chini ya skrini, chagua System. Ukiona "x64-based processor", ni biti 64. Ukiona ARM, hiyo ni jamii nyingine kabisa. Mafaili haya hayataifaa.

Biti 64 na RAM ya GB 4 au zaidi: chagua Linux Mint ya Xfce. Ni nyepesi, na aliyezoea Windows hapotei. RAM ikiwa GB 2, jaribu Debian yenye LXQt. Biti 32, chukua antiX 23, ambayo ina toleo lake.

Faili la Mint lina karibu GB 3. Kama unaishi vijiji vya ziwani ambako mtandao unasumbua, mwombe fundi wa mjini akuwekee kwenye flashi ya GB 8. Flashi hiyo itafutwa yote, hivyo isiwe yenye picha za familia.

Kabla ya kusakinisha, washa kompyuta kwa kutumia flashi hiyo na uchague kujaribu tu. Angalia sauti, Wi-Fi na kipanya. Vikifanya kazi, nakili kwanza kazi za mtoto pembeni, kwa sababu usakinishaji unaweza kufuta diski nzima. LibreOffice, inayokuja na Mint, hufungua mafaili ya Word, na mtoto atasoma notsi zake bila bando.

Tahadhari moja ya afya: betri ikiwa imevimba, usiichaji wala kuitoboa. Inaweza kushika moto. Ibadilishwe kwanza.

Yule mama alirudi na flashi. "Jaribu hii kwanza, mwanangu, kabla hujanituma dukani." Fundi akajaribu, na picha, sauti na Wi-Fi vikakubali. Mama alilipa ufundi tu, na binti akarudi shule na kompyuta ileile.